Matundu ya Boneti

Nilikaa nyuma yao kwenye basi la asubuhi. Mmoja ni karani mwenye tai, ambaye kila siku hushuka kituo cha mwisho kama mimi. Mwingine alikuwa fundi bodi, rangi ya gari imemganda kwenye kucha. Hawakujuana, ila gari la spoti lilitupita na karani akashindwa kunyamaza.

"Mdogo wangu analo kama hilo. Kang'oa boneti nzima, kaweka nyingine yenye matundu. Ya nini, kama si maringo?"

"Si maringo, kaka," fundi akasema. "Injini ile inachemka. Joto linatokea juu, gari linapumua."

"Na mvua ikinyesha?"

"Maji kidogo hayaui injini."

Karani akasonya. Wivu nimeuona mwingi, ila huu ulikuwa umepigwa pasi.

"Lakini matundu yakikaa karibu na kioo cha mbele," fundi akaongeza, "upepo unarudi ndani. Hapo faida hakuna."

Karani aling'aa kama aliyepandishwa cheo. "Ndipo yalipo! Yamegusa kioo kabisa!"

Fundi akamtazama. "Gari jekundu, mlango mmoja mweusi?"

"Hilohilo."

"Boneti ile niliifunga mimi. Matundu yako mbele, nyuma tu ya rejeta. Kaka, wewe umeshalipanda kweli?"

Karani akakaza tai ambayo haikuwa imelegea. "Huu mwezi wa nne tangu alinunue," akasema. "Hajawahi kuniambia panda."

Basi lilisimama kituo cha tatu. Karani akashuka hapohapo.