Shahada ya Kumtoa Mwalimu Darasani

Kwenye treni ya jioni, fundi cherehani alijifanya anasinzia, maana maneno ya watu hayasikilizwi kwa macho makavu. Mbele yake mwalimu wa kemia wa sekondari alikuwa amepandwa na mori, na aliyekuwa akipashwa ni shemeji yake.

"Mimi nataka shahada ya uzamili ya kufundisha kemia, wewe unaniambia nichukue utawala wa elimu! Nikamtawale nani?"

"Utawala una cheo, shemeji. Ukimaliza, hushiki chaki tena."

"Hicho ndicho kinachonichoma! Daktari akiongeza masomo, anaongezewa wagonjwa. Mwalimu akisoma, ananyang'anywa darasa!"

Fundi nusura aseme "kweli kabisa," akakumbuka kwamba amelala.

"Haya, yaishe," shemeji akasema, sauti imemlainika. "Hebu niambie, Jumamosi una nafasi umfundishe mwanangu? Muhula mzima darasa lao halina mwalimu wa hesabu."

"Aliyekuwepo yuko wapi?"

Treni ikasimama. Shemeji akainuka, akakumbatia mkoba wake, akajibu akiwa ameshampa mgongo:

"Alikwenda kusomea utawala."