Fundi Baridi na Pipa Aliloliacha kwa Harusi ya Bintiye

Usiku ambao Fundi Baridi alikuwa chumba cha upasuaji, mkewe alikaa kwenye benchi la korido akiutazama mlango wenye kioo cha ukungu. Kila nesi aliyetoka alimpita bila kumtupia jicho. Simu ilipolia, alidhani ni ndugu wanaotaka kujua hali ya mgonjwa. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa lori.

“Shemeji, pole na hospitali. Hivi ufunguo wa stoo unao wewe?”

“Ndugu yako yuko ndani anapasuliwa moyo.”

“Najua, ndiyo maana nauliza mapema. Likitokea la kutokea, watu watajaa. Tutawapa nini, maji ya bomba?”

Mke alikata simu. Mgonjwa alikuwa bado anapumua, na tayari watu walikuwa wanagawana pipa lake la divai lililokuwa stoo. Wasifu huu unaanzia hapo kwa sababu mliokuja leo mna haki ya kumjua mnayemzika, msije mkaondoka na habari za vichochoroni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne. Baba yake alipeperusha bendera za kuongoza treni, na mama yake alifua nguo za watu. Akiwa na miaka saba alishikwa na homa kali iliyomvimbisha magoti na viwiko. Alipona, au ilionekana kwamba amepona. Homa ile, kwa maelezo ya daktari, ndiyo iliyoharibu valvu ya moyo wake. Jambo hili lisikilizwe vizuri, maana litarudi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng’ambo ya reli, akamaliza mwaka 1977, kisha mwaka 1980 akajiunga na chuo cha ufundi kujifunza majokofu. Huko alilifungua friji la bwalo la chakula ili aone baridi inatoka wapi. Mpishi alimkuta ameketi katikati ya vyuma na akamkimbiza na mwiko mpaka uwanjani. Friji lilipowashwa tena liligandisha kuliko zamani, na mpishi yule yule ndiye aliyempa jina la Fundi Baridi. Jina likamshika, hata watoto wake walilitumia walipotaka kumchokoza.

Mwaka 1984 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa kutunza vyumba vya baridi. Alifanya kazi hapo mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2008, ndipo akaweka meza yake ya ufundi nyuma ya nyumba. Alikuwa na kikopo cha povu la sabuni na brashi ya kunyolea ndevu. Alipaka povu kwenye kila kiungo cha bomba, kisha akainama kusubiri. “Panapovuja patajisema,” alikuwa akisema. Hakuwahi kurudisha friji la mtu kwa maneno kwamba litajirekebisha.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa, na sherehe ikafanyika katika bwalo la kiwanda. Zilikuja chupa chache za divai ya mapovu, na zote zikaishia meza kuu. Wageni walipoambiwa wainue glasi, bwana harusi alitazama mpaka meza ya mwisho, ile iliyo karibu na mlango wa jikoni. Mama yake mzazi alikuwa ameinua glasi tupu, anatabasamu, na akaipeleka mdomoni ili asiaibishe watu. Bwana harusi hakugusa ya kwake. Usiku ule bibi harusi alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda bado amevaa tai.

“Mama amekunywa hewa kwenye harusi yangu,” alisema.

Hasira ile hakuiacha, aliipa kazi. Alitafuta pipa dogo la chuma lililokuwa la soda, mtungi wa gesi ya kutia mapovu na friji kuukuu, akaanza kuitilia gesi divai nyeupe ya kawaida ndani ya stoo yake. Majaribio ya kwanza yalipaka dari. “Mzee,” mkewe alimwambia akijifuta nywele, “hiki ni kinywaji au kizima moto?” Alicheka mpaka akakaa chini.

Alijifunza kidogo kidogo. Divai ilitangulia kupoa mpaka pipa liume mkono, ndipo gesi ikafuata, tena kwa utaratibu. “Divai ya moto haishiki gesi,” alieleza, “inaipokea mlangoni na kuirudishia mlangoni.” Kabla ya kumimina alishusha nguvu ya gesi. Mpira wa kutolea aliufanya mwembamba na mrefu, ukajizungusha kama nyoka aliyelala, ili divai ichoke njiani na isitoke kwa fujo. Koki aliifungua yote, maana koki iliyofunguliwa nusu hutoa povu tupu, na glasi aliilaza ubavu.

Kwenye harusi za majirani alikuwa na sharti moja. Alianza kumimina kwenye meza ya karibu na mlango wa jikoni, na meza kuu ilikuwa ya mwisho. Wapo wenye sherehe walionuna. “Bwana harusi ana mke tayari,” aliwajibu, “yeye anaharakishia nini?” Mama yake aliishi mpaka mwaka 2006, na hakunywa hewa tena.

Pumzi ilianza kumsumbua mwaka 2020. Daktari alimweleza habari za valvu, naye akarudi nyumbani akamwambia mkewe, “Koki ya moyo inavuja, mama. Na hii siwezi kuipaka sabuni.” Vidonge alivyopewa havikutaka pombe. Hilo halikumpunguzia kitu, kwa sababu hakuwa mnywaji hata kabla ya hapo. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye sinki, akasukutua. Mkewe aliliona sinki hilo miaka yote. Kwa hiyo anayesema kwamba Fundi Baridi ameuawa na pombe, aseme alimwona wapi akinywa, meza gani, na nani.

Mwezi Mei mwaka huu alitayarisha pipa la harusi ya bintiye. Hakuweza tena kulinyanyua. Alikaa kwenye kigoda akielekeza, na mkewe ndiye aliyefunga mpira na kusoma saa ya kupimia nguvu ya gesi. Fundi mwenyewe akaandika kwa chaki ubavuni: LA BINTI. “Siku hiyo miguu ikinikataa,” alisema, “mimina wewe. Unajua pa kuanzia.”

Tarehe 6 Juni 2024, kulipokucha, ule mlango wa kioo cha ukungu ulifunguka. Daktari alitoka akiwa ameshika kofia yake mkononi, na mke akajua. Valvu mpya ilikuwa imewekwa, lakini moyo ulikuwa umechoka kwa kazi ya miaka mingi, ukakataa kurudi kazini.

Yaliyofuata baadhi ya ndugu walishauri yasiandikwe. Yameandikwa. Siku ya pili ya msiba, mke wa marehemu akiwa amekaa sebuleni na wafiwa, alisikia sauti anayoijua, kama mtu anayenyamazisha mtoto kwa nguvu. Ilikuwa gesi. Alikwenda stoo, akakuta kufuli limevunjwa, na shemeji yake na wenzake wawili wamesimama kwenye povu mpaka vifundoni. Walikuwa wamefungua mtungi wote ili divai itoke haraka, na kwa sababu ilitoka povu, wakalitikisa pipa.

“Imechacha, shemeji,” yule dereva alisema huku akijipangusa suruali. “Marehemu safari hii aliharibu.”

“Ondoa mkono kwenye koki.”

“Tunamuenzi ndugu yetu. Unataka wageni waseme tumemzika kikavu?”

“Pipa limeandikwa la nani? Soma.”

“Ah, chaki hiyo.”

“Soma kwa sauti, watu wasikie.”

Dereva aliondoa mkono kwenye koki. Mke alifunga mtungi, akavuta pini ya kifuniko pumzi iliyozidi itoke taratibu, akalirudisha pipa kwenye baridi litulie. Alilipima uzito kwa kulisukuma kidogo kwa goti, kama alivyomwona mumewe akifanya. Bado lilikuwa zito. Divai haikuchacha, ilisumbuliwa tu. Jioni ile ile, watu wenye povu kwenye soli za viatu walikaa sebuleni wakinong’ona kwamba pombe imemmaliza fundi wa watu. Mkewe alikuwa anapita na sinia la chai. Alisikia kila neno, na aliona kila kiatu.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja na mwana mmoja, mkwe mtarajiwa aliyekesha naye hospitalini mara nyingi kuliko ndugu wa damu, dada mkubwa, wadogo wawili, na mafriji kadhaa ya watu ambayo mwanawe atayamalizia.

Harusi ya binti haikuahirishwa, kwa kuwa baba yake alikataza. Itafanyika tarehe 3 Agosti, na wote mliosimama hapa mmealikwa, akiwemo shemeji. Atapata glasi yake iliyojaa, zamu ya meza yake ikifika. Mke wa marehemu ndiye atakayemimina, akianzia mlango wa jikoni. Leo baada ya mazishi kutakuwa na chai.

Fundi Baridi, umewahudumia wa nyuma kwanza maisha yako yote; Mungu naye akupokee mapema na akupumzishe. Stoo ina kufuli jipya. Ufunguo uko shingoni mwa mkeo, na mlango hautafunguliwa leo.