Mkono wa Kushoto wa Dada Verlene

Mchungaji wetu, mashemasi, akina mama wa kanisa, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Memphis leo tarehe 15 Februari 2014 kumsindikiza dada yetu, poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja na baridi hii. Mimi ni Cleophus Tolliver, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome historia yake kwa sababu kati ya wote aliowahi kuwachapa kwa mwiko nimebaki peke yangu, kwa hiyo nitakayosema nina ushahidi nayo.

Dada Verlene Tolliver Oglesby alizaliwa tarehe 9 Machi 1937 huko Marianna, Arkansas, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Shemasi Hosea Tolliver na marehemu mama yetu Lucinda, na mwaka 1943 wazazi walihamia hapa mjini, baba akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao. Alianza shule mwaka huohuo, akamaliza sekondari Mei 1955, na walimu wake waliandika kuwa ana akili lakini anagonga dawati kwa vidole, nao hawakumsingizia. Piano alifundishwa na Bi Eunice Peebles tangu akiwa na miaka saba, na alipotimiza kumi na tatu tayari ndiye aliyekuwa mpigaji wa kanisa hili la Mlima Nebo, miguu ikifika kwenye kanyagio kwa taabu, na kiti kile cha piano alikipenda kuliko kitanda chake.

Sasa nafika pale ambapo wengine mlikuwa mnapasubiri. Mwaka 1953 alianzisha bendi na vijana watatu wa mtaani, wakaiita Vikaango, na mpiga saksafoni wao alikuwa Marcellus Oglesby, kijana aliyejipaka mafuta ya nywele mpaka mama akawa anatandika gazeti kwenye mgongo wa kochi kabla hajaketi. Ule ndio wakati ambao vijana waligundua kuwa wao ni vijana, maana kabla ya hapo mtu alikuwa mtoto, halafu siku moja anakabidhiwa shoka au ufagio anakuwa mtu mzima, lakini hawa walikuwa na redio zao, viatu vyao, maneno yao, na namna yao ya kutembea kama watu wanaosikia kitu ambacho wewe husikii. Muziki wenyewe, rokenroli kama ulivyokuja kuitwa, ulikuwa wa kanisani kwa mapigo na wa baa kwa maneno, na kwenye piano kazi yote iko kwenye mkono wa kushoto, unaotembea huko chini bila kuchoka wakati wa kulia unacheza. Mkono huo akina mama wa kanisa waliusikia hata katika nyimbo za ibada, na Mama Ophelia Strickland, aliyekuwa mkubwa wao, alisema mkono wa kulia wa binti huyu umeokoka, ila wa kushoto bado haujabatizwa.

Bendi ilifanyia mazoezi humu kanisani Jumamosi mchana, kwa kuwa mtaani hapakuwa na piano nyingine, na kwa kuwa saksafoni ya Marcellus ilimmeza, dada alichomeka pini za kubandikia matangazo kwenye vile vinyundo vya ndani vinavyogonga nyaya, piano ikawa inalia kwa ukali kama sahani za bati. Kawaida yake alizing'oa kabla ya kurudi nyumbani. Jumamosi ya kuamkia Pasaka mwaka 1954 alisahau, na asubuhi ya tarehe 18 Aprili, kanisa limejaa kofia mpya, wimbo wa ufufuo ukatoka kama dansi, naye badala ya kusimama akauendesha hadi mwisho, mabega ya benchi la vijana yakaanza kwenda, na shemasi mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa wajukuu zake wako hapa, akapiga makofi mawili kabla hajajikumbuka.

Wiki hiyohiyo alivuliwa kiti, akaambiwa atarudishiwa siku atakaposimama mbele ya kanisa na kuukana muziki ule, akakataa, akahamia benchi la nyuma. Kiti alipewa Ndugu Lemuel Gaines, mtu mwema, mnamwona pale, ambaye alipiga taratibu kiasi kwamba ungeweza kwenda kunywa maji katikati ya ubeti na ukarudi hujakosa neno, na msinitazame hivyo, mwenyewe anacheka, anajua ni kweli. Dada hakulia mbele za watu, lakini nilikuwa nikiketi naye kule nyuma, nikiviona vidole vyake vikipiga juu ya Biblia iliyofungwa, na iliniuma sana.

Vikaango walipiga kila Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa Bwana Dupree, na mwaka 1956 walitoa santuri moja, ikasikika redioni mama akiwa jikoni, akaacha mkate wa mahindi ukaungua, akatuambia tule hivyohivyo. Vijana weupe nao wakaanza kuja, wakatengewa roshani wawe watazamaji tu, kwa kuwa ubaguzi wa siku zile haukuruhusu weupe na sisi weusi kucheza pamoja, na mbao za roshani ndizo zilizochakaa kwanza. Baba, akiwa shemasi, hakuweza kuingia ukumbini, wala hakuweza kumwacha binti yake arudi peke yake, kwa hiyo alimpeleka kwa pikapu, akaegesha nje, akapandisha vioo ili asisikie, ndivyo alivyotuambia nyumbani, na mama kwa kumhurumia na joto la Agosti akawa anamfungia maji ya barafu.

Kufikia mwaka 1958 benchi la vijana lilikuwa karibu tupu, na Jumatano tarehe 8 Oktoba mchungaji wa wakati ule akaitisha mkutano wa waumini kuamua habari ya piano. Mama Strickland akashikilia kuwa sharti ni lilelile. Dada akasimama kule nyuma, akajibu, “Mama, kwa zile pini naomba radhi, nilikosa. Muziki siwezi kuukana, nitakuwa nasema uongo, tena kanisani.” Manung'uniko yakaanza, mchungaji akawa anajiandaa kufunga mkutano, ndipo baba akasimama, kofia mkononi, mtu ambaye katika mikutano hakuwahi kuzidisha neno Amina.

“Mama Strickland,” alisema, “kama ni kutubu, nianze mimi. Vioo vya gari nilivipandisha Jumamosi ya kwanza tu. Miaka minne hii nimekaa pale nje namsikiliza mwanangu, na sijawahi kujiona niko mbali na Mungu hata siku moja.”

Mama Strickland akauliza, “Na yale maji ya barafu ya Lucinda?”

“Nilikunywa,” baba akasema.

Mama yetu ndiye aliyeanza kucheka, kanisa zima likafuata, na kura ilipopigwa Mama Strickland hakuinua mkono kukubali, lakini hakuuinua kukataa, na kwa waliomjua hiyo ilikuwa baraka kamili. Jumapili iliyofuata dada alirudi kitini, na mikono yake yote miwili.

Alifunga ndoa na Marcellus humu ndani tarehe 20 Juni 1959, wakajaliwa watoto watatu, Ionia, Hosea na Phyllis, na wajukuu saba. Alifundisha muziki shuleni kuanzia 1961 hadi alipostaafu 1999, na shemeji yangu alitutangulia mwaka 2004, nywele zikiwa bado zinang'aa.

Tarehe 2 Novemba 2009 dada alipatwa na kiharusi, mguu ukarudi kwa mazoezi, lakini mkono wa kushoto ukakataa. Alimwambia mchungaji atafute mpigaji mwingine, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekata tamaa. Akaombwa apige wimbo mmoja wa kuaga, tarehe 10 Januari 2010, akapiga kwa mkono wa kulia peke yake, sauti ikatoka nyembamba, haina pa kukanyaga, na ubeti wa kwanza haujaisha Ndugu Lemuel akaanza kugonga sakafu kwa kisigino palepale ambapo mkono wa kushoto ungekuwa, tena kwa mwendo unaotakiwa, akina mama wa kanisa wakamfuata, benchi kwa benchi, mpaka sakafu yote ikawa inatembea. Hakuaga tena. Alipiga hivyo miaka minne.

Moyo ulianza kumsumbua Desemba, akalazwa, na tarehe 6 Februari 2014 alfajiri, mabinti zake wakiwa wamemshika, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Tunamshukuru Daktari Whitcomb na wauguzi wake, majirani waliotuletea chakula mpaka friji likakataa kufungwa, na walimu wenzake waliokuja kutoka mbali.

Leo hakuna atakayeketi kwenye piano. Familia imeomba iachwe wazi, na nikikunja karatasi hii tusimame sote tugonge sehemu yetu, Ndugu Lemuel utuanzishie, na usitucheleweshe. Mkono wa kulia ameondoka nao. Pumzika salama, Dada Verlene, wa kushoto tunao sisi.