Kofia ya Marehemu Delbert

Ndani ya basi la Charleston, Dreama hakuwa na haja ya kutega sikio. Mzee aliyeketi mbele yake, mchimba makaa ya mawe mstaafu, aliongea kana kwamba bado yuko mgodini.

"Mama, samahani. Hiyo kofia yako ina jina la vile vidonge vya kutuliza maumivu vilivyotumaliza. Huoni haya?"

Mama aliyeketi kando ya mzee akaishika kofia kichwani. "Ya marehemu mume wangu, Delbert. Daktari alimpa bure, siku alipomwandikia vidonge vya mgongo."

"Si ndiyo hayo! Wenye kiwanda, ukoo mzima wa Vandermolen, walijua fika vidonge vinamteka mtu kuliko pombe, wakavigawa, na kofia za bure juu yake! Wao wana majumba, sisi tuna makaburi."

"Basi nimlaani nani, mzee wangu? Hao sijawahi kuwatia machoni. Daktari alikuwa anatuombea kanisani. Na aliyekuwa anamwekea Delbert vidonge mezani, pamoja na kahawa, ni mimi."

Dreama naye alikuwa ameshapandwa na hasira, ila hakujua amwangushie nani.

"Itupe hata hivyo," mzee akasema, sauti imeshuka.

"Ina jasho lake ndani. Nitupe?"

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Mzee hakuinuka.

"Mwanangu aliuza kila kitu apate vidonge," akasema. "Hata kofia hakuniachia."