Wimbo Ulioishia Pale Stima Ilipopotea

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Aliye na sufuria jikoni aiepue kwanza. Leo tunamkumbuka marehemu, lakini nina furaha. Mtanisamehe. Mkisikia yote mtaelewa.

Tunamkumbuka Mwalimu Alfayo Onyancha, mkulima wa chai huku juu ya Keroka. Aliongoza kwaya ya kanisa letu miaka ishirini na minne, mpaka Mungu alipomlaza mwezi wa sita, mwaka huu wa tisini na sita. Mimi niliimba sauti ya pili katika kwaya hiyo. Ninayowasimulia, mengi niliyaona kwa macho.

Na hapa mkononi nina kaseti! Jalada lake lina daraja la chuma na mwezi wa kijani. Waimbaji ni wazungu wanne. Walipiga vinanda vya umeme, gitaa na ngoma, mwaka wa themanini na nne. Hii ndiyo kaseti aliyoipenda Mwalimu Alfayo. Mtauliza, Msabato, mwalimu wa kwaya, na muziki wa disko? Basi sikilizeni.

Mwaka ni tisini na moja, mwezi wa nne, alasiri. Mvua yetu mnaijua. Mwalimu ametoka kupeleka chai, akajibanza kwenye veranda ya duka la Mzee Kantilal, anayeuza redio na betri pale Keroka. Ndani ya duka kaseti inalia. Ni kinanda peke yake, polepole, kama watu wanaingia kanisani. Mwalimu akatoa karatasi ya mizani ya chai, ile wanayomwandikia kilo, akaandika nyuma yake: do, mi, so, la. Aliandika haraka kama anayefukuzwa.

Halafu radi ikapiga. Stima ikapotea, taa zote zikazima. Wimbo ukakatika.

Shikeni hapo, wasikilizaji. Stima ilipotea, na Mwalimu alisikia mwanzo tu. Mvua ilipoisha akaenda zake nyumbani akijua amesikia wimbo wa kanisa.

Akautilia wimbo huo maneno ya zaburi, sauti nne. Tukafanya mazoezi mpaka tukakauka koo. Mwezi wa nane tukauimba kwenye makambi, mkutano wetu mkubwa wa kila mwaka, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Aliyeleta vipaza sauti alikuwa Vikram, kijana wa Mzee Kantilal. Tulipofika ubeti wa pili, Vikram akaruka kwa furaha, na maikrofoni iko wazi mbele yake.

"Ah! Hiyo ni ya kaseti yangu! Hiyo ni disko!"

Makambi yote yalisikia. Mpaka walio chooni.

Jumapili iliyofuata baraza la kanisa likakaa, na sisi wanakwaya tukaitwa. Neno lilikuwa moja: kama Mwalimu alijua kwamba ni disko, kwaya anaiacha. Mkewe, Mama Persis, ameniambia juzi: "Wiki hiyo omogaka wangu, mzee wangu huyu, hakuugusa ugali. Alikaa tu, kitabu cha kwaya magotini. Nikamwambia, Alfayo, kula, hata shetani hula. Hakucheka."

Mzee Josiah, mkubwa wa baraza, akamuuliza, "Ulijua?"

"Sikujua, Mzee."

"Disko inasikika kutoka Keroka mpaka Kisii, wewe masikio yako yalikuwa wapi?"

Mara mlango ukafunguka. Mzee Kantilal! Amepanda kilima kwa miguu, redio ya kaseti begani, viatu amevivua nje kama anavyofanya kwao hekaluni.

"Wazee, samahani. Siku hiyo stima ilipotea. Mwalimu alisikia mwanzo tu. Mimi nilikuwa dukani."

"Utatuonyeshaje?"

Akaiweka redio mezani, ina betri sita mpya. Akabonyeza. Kinanda kikaanza, polepole. Wazee wakatazamana, maana ulikuwa wimbo wetu kabisa. Mzee Kantilal akainua kidole.

"Hapa. Hapa ndipo stima ilipotea."

Na ngoma zikaingia! Wasikilizaji, zikaingia! Gitaa likafuata, vinanda vikapanda juu kimoja baada ya kingine, vioo vya dirisha vinalia. Nilishika benchi. Wote tukamgeukia Mwalimu. Mtu aliyejua angeinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Kumbe kuna mbele! Wazee, kumbe kuna mbele!" Akasahau kabisa kwamba anahukumiwa. "Mzee Kantilal, rudisha kidogo!"

Mzee Josiah alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu hakujua," akasema. Baraza likaandika hivi: wimbo ubaki, lakini waimbe mpaka pale stima ilipopotea, wasipite hapo.

Tukatii. Katika vitabu vyetu Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: STIMA. Tukifika hapo, kimya. Wageni walidhani tumesahau.

Tangu hapo, kila Alhamisi Mwalimu alishuka dukani na chupa ya maziwa. Mzee Kantilal anasema: "Ananiambia, leo tusikie upande wa pili. Mimi nilikuwa nauza kaseti tu. Yeye ndiye alinifundisha kusikiliza."

Miaka mitano, wasikilizaji, kila Alhamisi.

Siku ya mazishi tuliuimba wimbo wake. Tukafika STIMA, tukanyamaza kama kawaida. Ndipo Mama Persis akafungua Biblia ya mumewe, akatoa karatasi za mizani ya chai, nyingi, zimeunganishwa kwa uzi. Mwalimu alikuwa ameuandika wimbo wote! Sauti nne, na ngoma amewapa wanaume wa besi. Hakuwahi kutuonyesha. Baraza lilikuwa limesema, naye alitii.

Mama Persis akampa Mzee Josiah, yule yule. Mzee akazisoma, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu.

"Baraza lilisema muishie pale stima ilipopotea," akasema. "Sasa kwake imerudi. Imbeni."

Tukaimba! Tumebanana kwenye karatasi zile, besi wanapiga ngoma kwa midomo, Mzee Kantilal na Vikram wanalia na kucheka pamoja.

Mama Persis, watoto, na ukoo wote wa Onyancha, poleni sana. Bwana awatie nguvu. Nasi wengine tujiulize leo: ni nani tuliyemhukumu, na tulikuwa tumesikia mwanzo wake tu?

Mzee Kantilal ameniazima kaseti hii. Naiweka sasa, mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili. Mvua naiona inakuja kutoka Nyamira. Wenye redio za stima, wekeni betri.