Hatukuja Kuacha Chakula

Vijana mtakaoyasoma haya, niliyasema kwanza mbele ya akina mama wa kanisa letu, na ukali wake sijaupunguza.

Nilipomzika mwanangu hapa Toronto, nilijifungia. Nyumba yetu iko juu kabisa ghorofani, mtaa wa Jane na Finch, na nilikataa hata kushuka chini. Kisha akaja kocha wa timu ya wasichana ya chuo, kuniomba ruhusa mjukuu wangu acheze. Nikamkatalia. Akakaa, akala bugali, ugali wetu, kwa mkono, akasema niende nikaone mwenyewe; nikiona ubaya, nimrudishe mtoto nyumbani.

Nilienda nimejifunga kitenge juu ya koti. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mashabiki nyuma yangu wakaiga vigelegele vyangu vibaya vibaya. Ndugu zangu, yule mtu ndiye aliyenitoa kitandani. Kila mechi alinitafuta kwa macho kabla ya kutazama wachezaji wake.

Akafa ghafla, moyo.

Mechi iliyofuata, uwanja ulijaa. Picha yake ilikuwa kubwa kama ukuta. Wakanyamaza dakika moja, basi. Mpira ukaanza, bia zikafunguliwa, watu wakacheka. Mtu analiwa na udongo, ninyi mnamlipa dakika! Nilirudi nyumbani nikalala nimegeukia ukuta, kama zamani. Chakula sikukigusa.

Mjukuu wangu akasimama mlangoni. "Koko, bibi yangu, na mke wa kocha yuko na nani?"

Nikaamka.

Kwetu Bukavu, Kongo, mfiwa halali peke yake. Ndipo tukapanda basi na mikeka, mablanketi na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, watu wakitutazama kama tunahama. Kwa mjane, barazani, tulikuta mabakuli ya chakula cha mashabiki, yamepoa, yana vikaratasi vya pole. Hakuna aliyebisha hodi. Eti ndiyo heshima ya huku, kutomsumbua mfiwa.

Sisi tukabisha. Mjane akafungua kidogo, akashukuru, akasema tuweke hapo chini.

Nikamwambia mjukuu atafsiri: "Hatukuja kuacha chakula. Tumekuja kulala."

Akatazama mikeka. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akatupisha njia. Tulilia naye sebuleni, na mimi nikamlilia mwanangu humo humo. Hapo ndipo nilipopona, si uwanjani.

Nawashukuru akina mama wa kwaya waliopokezana kulala kule, wengine wakitoka kazini Malton bila kupumzika. Mashabiki bado nina uchungu nao. Wanavaa skafu yenye jina lake, na nyumba yake wanaijua barazani tu. Mkimpenda mtu, ijueni nyumba yake.

Kwangu nimeshaamuru: siku ya mechi, mnapita kwanza kwa yule mjane. Akitaka kwenda, nendeni naye, akae katikati yenu. Asipotaka, vueni viatu mkae naye. Mpira hauendi popote.