Mpangaji wa Nyamabuye: Maisha ya Marehemu Mwamini binti Feruzi

Kila asubuhi, kabla hajawamwaga ndagala juu ya mawe kuwaanika, marehemu Mwamini binti Feruzi alitenga konzi moja ya samaki hao wadogo, akaiweka kwenye jiwe bapa, akarudi nyuma na kuwaamkia kwa Kirundi, "Amahoro, wenye nyumba. Kodi yenu hii." Kenge wa Nyamabuye wakatoka mapangoni mwao, migongo myeusi, koo za manjano, wakala. Waliomcheka aliwajibu, "Kisiwa iko yao. Mimi ni mupangaji tu."

Alizaliwa Ujiji mwaka 1868 kwa hesabu ya Kizungu, binti wa Feruzi, fundi mitumbwi aliyetoka Umanyema, na mkewe Sharifa. Alisoma chuoni hukohuko Ujiji hadi Juzuu Amma. Kisha baba yake akahamia Rumonge kutafuta miti ya mitumbwi, na masomo yakaishia hapo. Kile kidogo alichokihifadhi hakikumtoka. Alikuwa akikisoma huku anageuza samaki juani.

Mwaka 1886 aliolewa na Abasi bin Idi, mvuvi wa ndagala. Abasi ndiye aliyempeleka Nyamabuye, kile kisiwa cha mawe mbele ya Minago, ambacho kenge wake hawafanani na wa bara wala hawaonekani pengine popote. Katika wiki ya kwanza ya ndoa, kenge mmoja aliburuta kapu lao zima la samaki. Abasi akamrukia, akamshika mkia, wakaingia wote majini, kilemba kikabaki kinaelea peke yake. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini.

"Unamucheka mume ao unamucheka kenge?" Abasi aliuliza, maji yanamtiririka.

"Namucheka aliyeshindwa."

Baada ya kicheko Abasi alimweleza jambo ambalo kila mtu wa pwani hii analijua, hata wanaojifanya leo hawalijui: kenge wale hufukua mayai ya mamba na kuyala. Ndiyo maana mamba hakuwa anataga Nyamabuye, na wanawake walikuwa wakiogesha watoto wao pale bila wasiwasi.

Abasi alifariki kwa malale tarehe 3 Machi 1906. Alilala miezi na miezi, mkewe akimlisha uji kwa kidole. Kwa hiyo asisimame mtu hapa kusema kwamba marehemu aliudharau ugonjwa ule.

Mwaka 1907 alikuja dokta mmoja wa Kidachi, akasema mbung'o wanaoleta malale wananyonya damu ya mamba, basi mamba wamalizwe. Kila yai la mamba, kikombe cha chumvi. Lakini yai la mamba linalindwa na mama mwenye meno. La kenge liko ndani ya kichuguu, halina mlinzi. Watu wa pwani hii, na wengi wao wamekalia mikeka ya matanga haya, wakachukua majembe wakaenda kwenye vichuguu vya Nyamabuye.

Aliyekuwa akipokea mayai kwa niaba ya dokta ni Assumani bin Idi, ndugu wa Abasi. Marehemu alimkuta ufukweni, kapu limejaa.

"Shemeji, haya mayai ni ya kenge. Bonyeza uone, yako laini kama ngozi ya kiatu."

"Shemeji, kwa Muzungu yai ni yai."

"Na kwa mamba je?"

"Mamba atajijua. Chukua na wewe kikombe kimoja, labda mboga yako itapata ladha."

Watu wakaangua kicheko. Mwamini alikipokea kikombe kile, akakimwaga ziwani mbele ya macho yao. Tangu siku ile hakutia tena chumvi katika chakula chake. Wali mtakaokula leo hauna chumvi. Mpishi hakusahau.

Misimu miwili tu, vichuguu vikafumuliwa, kenge wazima wakaliwa, ngozi zao zikawambwa ngoma. Mamba wakahamia Nyamabuye na kutaga kwenye mchanga uleule wa kuogeshea watoto. Kikabaki kichuguu kimoja chenye mayai, ambacho marehemu alikifunika kwa makapu mabovu na makuti, akimwambia mwanawe Hamissi peke yake. Alikuwa anangoja mvua ilainishe udongo, watoto wa kenge watoke.

Ugonjwa hakuwa nao. Wanaosema alirukwa na akili wanatafuta pa kujificha. Amekufa Ijumaa, tarehe 12 Novemba 1909, kwa mamba aliyekuwa akilinda mayai yake. Hamissi aliukuta mtumbwi, akaikuta kanga kando ya shimo la mamba. Mwili haukupatikana. Kichuguu alikikuta kimetobolewa kwa ndani, udongo mbichi una michirizi ya mikia midogo. Assumani alipomuuliza kichuguu hicho kiko upande gani, alijibu hajui.

Marehemu ameacha watoto wawili, Zuwena na Hamissi, wajukuu watatu, dada yake Batuli wa Gitaza, na shemeji yake Assumani, ambaye yuko hapa. Ameacha pia watoto kule Nyamabuye, ambao idadi yao haitatajwa mbele ya watu hawa. Mola ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima.

Ijumaa ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Zuwena alisimama mlangoni kumzuia.

"Mama, kule mamba iko."

"Najua. Lakini mimi ni mupangaji wa zamani kumushinda."

Akajifunga kanga, akachukua kafi, akafunga konzi moja ya ndagala kwenye jani la mgomba. Akampita binti yake, akateremka ziwani, asirudi.